Mawifi Watatu na Nyumba ya Ukungu

Sogeeni karibu, na mwenye simu aifunike kifudifudi, maana hadithi hii haipendi kushindana na kitu kinachowaka. Nitaisimulia mpaka pale nilipoishiwa mimi mwenyewe. Kutoka hapo ni kazi yenu, na msije mkasema sikuwaonya.

Palikuwa na mji mlimani, Kwembago, ambako ukungu huingia majumbani bila hodi na kukaa kama mgeni aliyezoea. Katika mji huo aliolewa mwanamke aitwaye Mwasiti. Mumewe, Shekue, alikuwa na dada watatu waliolelewa nyumba moja wakigombania kompyuta moja. Mwanjaa, mkubwa wao, alikuwa fundi wa kuandika programu. Ukimpa fumbo, chakula kilipoa mbele yake mpaka alifumbue. Zamda, wa kati, alichora na kutengeneza sauti, na akikuchorea baridi unatafuta shuka. Hidaya, kitinda mimba, alikuwa na maneno. Ukimtuma chumvi dukani alirudi na kisa, na siku nyingine alirudi na kisa bila chumvi.

Mwasiti aliwapenda wote, nao walimtania kama mawifi wanavyotaniana: kwamba wali wake unaungua kabla haujaiva, kwamba kaka yao alidanganywa na macho. Yeye naye hakuwabakizia. Lakini mimba yake ya kwanza ilipotoka utani ulipungua, na ya pili ilipotoka ukakoma kabisa. Alipopata ya tatu, daktari alimwambia neno moja tu: lala. Asiende shamba, asiteke maji, asisimame jikoni. Alale mpaka mtoto awe tayari.

Mnaodhani kulala ni raha hamjawahi kulazwa. Mwasiti alikuwa mtu wa jembe, na mikono yake ilimwasha kwa kukosa kazi. Akifumba macho aliwaona wale wawili ambao hakuwahi kuwaona. Akisikia majirani wakipita na vikapu vya kabichi, aliteremsha mguu mmoja kitandani, na mavyaa yake, mama wa Shekue, akaurudisha.

"Lala, mwanangu. Shamba halikimbii."

"Asiyekimbia ni wewe, mama. Mimi nakimbia hapa hapa nilipo."

Ndipo siku moja mawifi wakaingia na kompyuta, wakaiweka juu ya stuli kando ya kitanda. "Wifi," wakasema, "tumekuletea nyumba ya kutembea bila kuinuka."

Ulikuwa mchezo walioutunga wenyewe. Msafiri mwenye taa anaingia katika nyumba kubwa iliyojaa ukungu kumtafuta dada yake aliyepotelea humo. Njiani kuna visima vilivyofunikwa majani, kuna pepo wasiopenda mwanga, kuna ngazi zinazochoka kubeba watu. Msafiri akifa, amekufa. Harudi. Anakuja mwingine mdogo wake, aliyepewa jina la yule marehemu, anaanza upya getini, na nyumba nayo imejipanga upya. Njia ya jana leo ni ukuta. Linalobaki la marehemu ni jina, na yale ambayo wakazi wa nyumba wanayakumbuka juu yake.

Kumbe walikwishagombana juu ya kifo hicho. Hidaya alisema, "Mtu aliyepoteza wawili unampelekea mchezo wa kufa? Mwache msafiri aanzie pale pale alipoanguka." Mwanjaa akakataa katakata: "Kufa kukiwa kwa uongo, na kuishi kutakuwa kwa uongo. Ataujua uongo huo kwa haraka kuliko sisi." Zamda aliendelea kuchanganya rangi. Na wazo la kurithisha jina, ambalo liliwapatanisha, kila mmoja wao mpaka leo anaapa kwamba lilikuwa lake.

Basi sikilizeni alichofanya kila mmoja.

Mwanjaa ndiye aliyeijenga nyumba. Aliiwekea kanuni za kujipanga, hata yeye mwenyewe hakujua asubuhi chumba kipi kitafuata kipi. Mwasiti alikuwa akilalamika, "Mwanjaa, hapa jana palikuwa na ngazi!" naye humjibu, "Jana, wifi. Leo nyumba imelalia ubavu mwingine." Kuchoshwa, ambako kungemtoa kitandani, hakukupata pa kuingilia. Alitembea mchana kutwa katika nyumba isiyokwisha, na mwili wake umetulia juu ya godoro.

Zamda ndiye aliyeivika. Ukungu wake haukuwa mweupe tu. Asubuhi ulikuwa na rangi ya maziwa, jioni ulikuwa na rangi ya moshi wa kuni mbichi. Alikwenda shambani kwa Mwasiti akarekodi upepo kwenye mahindi, maji yakichuruzika mferejini, na jembe likizama kwenye udongo wenye unyevu, akavitia vyote nyuma ya kuta. Mwasiti alisikia shamba lake likimngoja, wala halikumwita. Hofu ikampungua kifuani, pumzi ikawa ndefu. Mara nyingine alisinzia na kuota yumo ndani ya nyumba ile ile, akiamka hajui kipi alikiota na kipi alikicheza.

Hidaya ndiye aliyeipa ulimi. Alimweka humo bibi mmoja mfumaji wa mikeka, anayehamahama kila nyumba inapojipanga, na bibi huyu humkumbuka kila msafiri aliyekufa. "Somo yako, mwenye jina lako, alipita hapa," humwambia mgeni. "Alikuwa na haraka kuliko wewe. Alikanyaga jani lililoficha kisima." Kila kifo kilifungua neno jipya la bibi, na maneno hayo hayakupatikana kwa njia nyingine yoyote. Mwasiti akawa anacheza ili asikie, na akifa anataka kujua atasemwaje. Ilifika mahali akimwona Hidaya mlangoni anauliza, "Huyo dada yuko hai?" naye hujibu, "Wifi, hata mimi sijui bado."

Siku zikaenda. Ukafika mwezi ule ambao mimba ya pili ilitoka, na kila mtu nyumbani akawa anatembea kwa vidole bila kusema kwa nini.

Alasiri moja mavyaa alikuwa amekwenda msibani, mawifi wako kisimani, na ukungu umejaa chumbani hata ukuta wa pili hauonekani. Msafiri wa Mwasiti alikuwa amefika mbali kuliko wote waliomtangulia. Mbele yake ulisimama mlango wa rangi ya chungwa, rangi ambayo hakuwahi kuiona humo ndani, na kutoka nyuma ya mlango huo sauti ya mwanamke ikaita, "Dada, ni wewe?" Mwasiti akakimbia. Sakafu ikadidimia. Taa ikazimika.

Akaifunika kompyuta. Mgongo ulikuwa umeanza kumuuma, yale maumivu anayoyajua. Akateremsha miguu yote miwili.

"Basi," akasema peke yake. "Na huyu naye anakwenda. Afadhali aende nikiwa nimesimama." Akanyoosha mkono kwenye jembe lililokuwa nyuma ya mlango, akalishika mpini.

Ndipo akasikia. Kompyuta ilikuwa imefunikwa lakini haijazimwa, na ndani yake jembe jingine lilikuwa likizama kwenye udongo, taratibu, kama mtu anayepalilia bila haraka ya kumaliza. Jembe hilo la taratibu, lisilo na upepo wala maji, Zamda alikuwa amelificha lisikike tu pale ambapo msafiri amekufa karibu na mwisho. Mwasiti akageuza shingo. Akakaa ukingoni mwa kitanda, akaifunua.

Msafiri mpya hakuwa getini. Alisimama pale pale yule aliyemtangulia alipoanguka, na sakafu ilikuwa imeziba. Mwanjaa alikuwa ameweka kanuni hiyo bila kumwambia mtu: anayefia mbali, nyumba inayofuata huanzia kwake. Mlango wa chungwa ulikuwa hatua chache mbele.

Na kando ya mlango aliketi bibi mfumaji. Maneno ya Hidaya yakatokea moja moja: "Somo yako hakushindwa. Amekufikisha hapa. Sasa weka taa chini, ulale kidogo. Mlango huu haufunguliwi na mwenye haraka."

Mwasiti akalia. Akaliacha jembe, akapandisha miguu kitandani, akajilaza ubavu. Maumivu ya mgongo yalikwenda yakapungua, mpaka mavyaa aliporudi alimkuta amelala usingizi wa kweli. Daktari alipokuja alimpima, akasema kwamba angelikwenda shambani alasiri ile, leo wangekuwa wanazungumza mengine.

Mtoto akazaliwa msimu wa mapeasi. Msichana, mwenye sauti ya kuamsha mtaa.

Sasa kuna desturi moja ya Kwembago niwaeleze, kwa kuwa ndiyo iliyotuleta hapa. Kule mtoto hapewi jina kwa kupendeza kwake masikioni. Hupewa jina la mtu aliyemfikisha duniani, na mtu huyo ndiye somo yake: ndiye atakayembeba, ndiye atakayemfunda akivunja ungo, ndiye mama wa pili. Jina ni moja, haliungwi na lingine. Mama ndiye anayelitaja kwanza, kwa kumnong'oneza mtoto sikioni kabla mtu mwingine hajalisikia, na mtoto asiye na jina hapitishwi mlangoni kuona jua.

Siku ya kutoa jina ikafika. Mawifi watatu wakaketi kwenye mkeka wamevaa kanga mpya, na kwa mara ya kwanza katika maisha yao hawakuwa wamekaa bega kwa bega.

"Mimi sigombani," alianza Mwanjaa. "Nauliza tu. Bila nyumba, Zamda angepaka rangi ukuta gani? Hidaya angemkalisha wapi bibi yake? Na siku ile, nani aliyemrudisha penye mlango badala ya getini? Angeanzia getini, wifi angekwisha kuondoka."

"Kompyuta ilikuwa imefunikwa," Zamda akasema. "Nyumba yako hakuiona. Maneno ya Hidaya hakuyasoma. Mkono ulikuwa kwenye jembe. Aliyemgeuza shingo ni mimi."

Hidaya akacheka bila furaha. "Aligeuka, sawa. Akaona, sawa. Lakini miguu ilikuwa bado sakafuni. Mwulizeni mwenyewe ilipanda kitandani aliposoma nini."

Mavyaa alikuwa akipanga mapeasi kwenye sinia, akatema yake. "Mnajisifu tu. Mwanjaa, sakafu iliyodidimia aliiweka nani? Zamda, mlango ule uliomvuta akimbie aliupaka nani? Na hiyo sauti ya kumwita 'Dada, ni wewe?' si yako, Hidaya? Mlimsukuma wote watatu ndipo mkamdaka wote watatu." Wakainamisha vichwa. Lakini hakuna aliyeondoa kanga yake mkekani, wala dai lake.

Mwasiti aliwatazama na moyo ukamuuma. Alijua kila mmoja amesema kweli. Alijua pia kwamba nyumba ya ukungu haijakwisha: mlango wa chungwa haujafunguliwa, dada aliyepotea hajapatikana, na hakuna hata mmoja wao anayeweza kuimaliza bila wenzake. Wifi ambaye jina lake litaachwa huenda asiguse tena kompyuta ile. Alitamani mawifi zake wakae bega kwa bega kama zamani, wamseme wali wake umeungua. Na alitaka mtoto apate somo wa haki, si somo wa kupatanishia watu.

Nje ukungu ulikuwa ukiinuka, na jua limeshaugusa ubao wa kizingiti. Shekue akaufungua mlango wazi. Mwasiti akasimama na mtoto mikononi, akainama mpaka midomo ikagusa sikio lile dogo lenye joto. Watatu wale wakazuia pumzi, na mtoto akatulia kama anayesikiliza.

Mimi nimeishia hapo. Jina lililotoka sikulisikia, maana lilinong'onwa. Haya, nyinyi mliokaa hapa mkinitazama: mtoto yumo mikononi mwako, jua liko mlangoni, na jina ni moja tu. Mwanjaa aliyejenga, Zamda aliyemgeuza shingo, au Hidaya aliyempandisha miguu?

Je, wewe ungemnong'oneza lipi?