Malimau ya Bi Mashavu

Paukwa!

Pakawa!

Itikieni vizuri, nyinyi mnaotafuna. Paukwa!

Pakawa!

Haya. Hapo kale, kale hasa, babu zetu hawajafikiriwa hata kuzaliwa, palikuwa na kijiji chenye milimau mingi. Msimu ukifika, malimau huanguka pu! pu! pu! mpaka mbuzi wanayakanyaga. Msimu ukipita, hulipati limau hata la dawa.

Humo alikaa Bi Mashavu, kizee mwenye maswali. Huyo bibi, we mwache tu! Ukimwamkia asubuhi, atakuuliza jogoo anajuaje kumekucha na jua hajaliona. Watu wakimwona kwa mbali, wengine walipinda njia.

Mwaka huo mjukuu wake, Mwanamize, alishika mimba ya kwanza, na mimba ikamtesa. Akila ugali, anatapika. Akila samaki, anatapika. Maji matupu, anatapika. Kilichokaa tumboni kilikuwa kimoja tu: uji uliokamuliwa limau. Na msimu ndio huo unaishia.

Wanakijiji wakamhurumia, wakaamua kumwekea akiba. Sasa sikilizeni desturi yao. Kwao, chochote cha kuwekwa, kiwe mtama, ziwe kunde, hutiwa kwenye mtungi uliopakwa chokaa ndani. Mtungi usio na chokaa ni aibu ya nyumba. Basi wakakamua malimau, kamua, kamua, kamua, wakajaza mitungi. Likabaki kapu moja la mwisho, likingoja mtungi wake ukauke.

Bi Mashavu alikuwa ameketi karibu na mitungi. Akasikia: fyuuu. Akabandika sikio. Fyuuu. Akauliza ni nini kinacholia humo, akaambiwa ni maji yanatulia, aache udadisi. Aache? Yeye? Akachovya kidole, akalamba. Ukali hamna. Ladha ya udongo. Akachukua limau moja kapuni, akalikamulia kwenye ukuta uliopakwa chokaa. Fyuuu! Povu likafumka. Hapo bibi akaingiwa na hofu, maana akiba yote ya mjukuu wake ilikuwa inaliwa na chokaa.

Akaenda kwa Jumbe, mkuu wa kijiji, akamweleza. Jumbe akasema wazee wote waliweka vitu kwa chokaa, na kapu lile likamuliwe leo leo. Bi Mashavu akarudi mbio, akalikalia kapu. Jumbe akamfuata.

"Jumbe, limau likiwa mtini, nani analitunza?"

"Mungu."

"Kalitunza kwa kitu gani?"

Jumbe akalishika kapu alivute.

"Kwa ganda lake," akasema bibi. "Basi na mimi nitaliacha gandani mwake." Jumbe akaliachia kapu, akaenda zake.

Akawaza samaki: samaki haozi akitiwa chumvi na jua. Je, limau? Akayapasua malimau bila kuyatenganisha, akayashindilia chumvi, akayatia kwenye kibuyu kikavu. Asubuhi juani, jioni ndani. Akikitikisa, chwa, chwa. Asubuhi juani, jioni ndani. Chwa, chwa.

Watu wakaja kuonja. Machungu! Wakatema, wakasema kizee kaharibu kapu la mwisho na sasa atamuua mtoto wa watu. Naye Mwanamize alizidi kukonda, mashavu yamebonyea, hata kusimama anashika ukuta.

"Bibi," akauliza, "na kama umekosea?"

"Nikikosea nimekosea, mjukuu wangu. Ya mitungini nimeyaonja, nayajua. Haya bado hayajanijibu."

Kisha akaenda nyuma ya nyumba akalia, kwa sababu aliogopa kuliko wote.

Asubuhi juani, jioni ndani. Chwa, chwa. Mpaka siku moja kibuyu hakikusema chwa. Kikasema chubwi, kwa sauti nzito. Bibi akafungua. Malimau yamenywea, yamekuwa na rangi ya kahawia, sura mbaya ajabu! Akamega kipande, akalamba. Ukali ukampanda mpaka masikioni. Uchungu umekwisha.

Akakoroga uji, akatia kipande. Mwanamize akanywa. Watu wamejaa mlangoni, wanangoja atapike. Wakangoja. Wakangoja tena.

Mwanamize akanyoosha kata. "Bibi, niongeze."

Akaongezwa, na siku zote akaongezwa, mpaka akajifungua mtoto wa kike, mzito, mwenye sauti ya kuvunja vyungu. Bibi akacheka mpaka akakaa chini.

Mtoto hajatimiza arubaini, akaonekana Jumbe anakuja kwa Bi Mashavu, anapita pembezoni asionekane na watu, kibuyu kwapani. Akakohoa. Akatazama huku na huku.

"Bi Mashavu," akanong'ona, "hivi, embe bichi nalo je?"

"Sijui," akasema bibi, akamsogezea kigoda. "Kaa, Jumbe. Tuliulize."

Basi, wanangu, achari mnayolamba kwenye wali ilianzia kwa mtu aliyesikia fyuuu akataka kujua. Asiyejua si mjinga. Mjinga ni yule anayemkataza mwenzake kuuliza. Hadithi yangu nimeitua hapa.