Kwa Nini Nyumba ya Msiba Haina Mlango

Hapo kale, kabla reli haijafika nchi hii, mji wetu wa Mwabulunde ulikuwa na nyumba za tembe zipatazo arobaini, na watu wake walikuwa wakimfungia mjane ndani. Mume akishazikwa, ndugu yake aliufunga mlango kwa nje kwa ukanda wa ngozi ya ng'ombe, siku saba. Fundo lilikuwa lake peke yake. Mwingine akiligusa, ilisemwa, atazika mtu wa nyumbani mwake kabla ya mavuno.

Nyamizi alifungiwa hivyo pamoja na mtoto wake anayenyonya. Chakula alipitishiwa na jirani yake, Holo, kwenye tundu la ukutani. Holo alikuwa mtu wa utani. Alimwambia kwamba anazidi kunenepa, siku ya saba mlango hautamtosha. Nyamizi alicheka, kisha akalia.

Siku ya tano, adhuhuri, shemeji yake Lubasha, mwenye fundo, akiwa malishoni, mbingu ziliingia giza upande wa mashariki. Kisulisuli kikashuka, kirefu, kikizoa vihenge vya nafaka na mbuzi. Watu walikimbilia makorongoni. Holo alikimbilia kwa Nyamizi, kisu mkononi.

"Dada, kata," Nyamizi alisema kutoka ndani. Hakupiga kelele.

Holo aliyaweka makali ya kisu juu ya ukanda. Akawakumbuka watoto wake watatu.

"Lubasha yuko njiani," akasema. "Vumilia kidogo tu."

"Basi mpokee mtoto hapa tunduni."

Tundu lilikuwa la kupitisha bakuli. Kichwa hakikupita.

Holo hakuondoka pale mpaka upepo ulipomtupa shimoni. Alipoinuka, paa la udongo lilikuwa limewaangukia waliokuwa ndani na kuta zimelala. Mlango ulikuwa umesimama peke yake katika miimo yake, na fundo zima. Wengine waliokufa siku ile, Mungu aliwachukua. Hawa wawili tuliwafunga sisi.

Lubasha alifika jioni. Alilifungua fundo taratibu, kana kwamba kuna mtu wa kutoka. Kisha akaung'oa ule mlango, akaenda kwake akaung'oa na wake, wazee wakimtazama, na hakuna aliyemkataza. Holo aliishi miaka mingi. Watoto wake wote watatu walikua wakaoa, na katika harusi zao hakuweza kupiga kigelegele hata kimoja.

Na tangu siku hiyo, Mwabulunde akifa mtu, jirani huja kuung'oa mlango kabla maiti haijaoshwa, ukakaa chini siku saba. Mlango wangu waliung'oa Jumatatu, alipofariki mke wangu. Baridi inaingia, na kuku wa watu wanaingia. Jana upepo ulipovuma, jirani aliingia bila hodi, akaketi karibu nami mpaka ukatulia.