Mama Chui Amwita Mbweha

Paukwa!

Pakawa!

Wakubwa kaeni, wadogo sogeeni. Hapo zamani za kale palikuwa na Mama Chui. Alikuwa na watoto wawili. Siku moja akaenda kuwinda. Aliporudi akamkuta mmoja tu, anatetemeka.

"Mwenzako yuko wapi?"

"Mbweha kamchukua, mama."

Mama Chui akalia. Akalia weee, kisha akanyamaza. Akasema, "Wa pili hampati." Akamficha mwanawe pangoni, akashika njia ya mbugani.

Lakini Mbweha hakamatiki kwa mbio, ana mashimo kila mahali. Basi Mama Chui akaamua kumwita kwa sauti ya mbweha. "Uuuu! Uuuu!" Akakimbilia kilima cha pili. "Uuuu!" Cha tatu. "Uuuu! Uuuu! Uuuu!"

Mbweha shimoni akacheka. "Mbweha gani huyu hapumui?" Akalala zake.

Juu ya mgunga, kwenye tawi jembamba, Bi Kanga alikuwa akisikia. Naye vifaranga wake waliliwa na Mbweha huyo huyo.

"Mwenzangu," akasema, "mimi nikiatamia mayai halafu niinuke-inuke, yanaviza. Lia mara moja. Kisha tulia."

"Shuka basi, tuzungumze vizuri."

"Hapa panatosha, dada."

Mama Chui akacheka, ingawa moyo ulimuuma.

Kesho yake asubuhi akajilaza nyasini chini ya mgunga ule, upepo ukimpiga usoni. Akalia mara moja tu, kama mbweha mgeni aliyeingia nchi yenye mwenyewe: "Uuuuuu-uuu!"

Kimya. Nzi wakamtembea puani. Kimya. Jua likapanda. Mkia ukataka kucheza, akaubana.

Mbali, sauti ikajibu, "Uuuu! Nani huyo kwangu?"

Mama Chui akatamani kulia tena. Bi Kanga akanong'ona, "Tulia." Akatulia.

Chakacha, chakacha. Kimya. Chakacha. Mbweha huyo akatokea, manyoya yamemsimama. "Wewe mgeni, toka! Nchi hii ina mwe..."

Nyaku! Neno hakulimaliza.

Jioni ile mtoto wa chui alicheza nje, akiufukuza mkia wake mwenyewe. Mama yake akamlamba, akasinzia palepale juani. Bi Kanga naye akaanza kukusanya majani ya kiota.

Basi, wanangu, anayeita na anyamaze, apate kusikia akiitikiwa. Sauti huita, subira ndiyo hukamata.

Hadithi yangu imeishia hapo. Mliosikia, wapelekeeni waliolala.