Mtande Uliotiwa Wanga

Hapo zamani, na kabla hamjanikatiza niseme kabisa: zamani yangu si ile ya sungura kusema na fisi kujibu. Ni zamani ya juzi tu, wengi wenu mlishazaliwa. Sogeeni karibu, mwenye simu aizime. Nina kesi hapa, na mtaihukumu nyinyi, maana mimi imenishinda.

Palikuwa na kiwanda cha kanga chini ya milima ya Uluguru. Mimi nilikuwa kitengo cha kukunja. Nimekunja kanga miaka ishirini na sita, hata leo nikipewa taulo nalikunja pande nne bila kuangalia. Basi kanga za nje zikajaa sokoni, zetu zikalala ghalani. Mashine zikazeeka. Moja ikifa, tunang'oa vipuri vyake tunamponya jirani yake. Zikabaki nne, zikabaki mbili, ikabaki kelele ya feni tu. Tulikuwa watu mia moja na kumi na wawili, tunaingia asubuhi, tunapiga soga, tunatoka.

Meneja wetu, Bwana Mushumbusi, hakukata tamaa. Aliandika barua mpaka akapata mashine mpya ya kufuma vyandarua. Ila ilikuja na sharti. Wenye mashine walisema: "Siku arobaini. Mkitoa chandarua kizima kisicho na kasoro ndani ya siku arobaini, mashine inabaki na oda ya masika ni yenu. Mkishindwa, tunaipakia tunaondoka nayo." Bwana Mushumbusi akatukusanya uwanjani akatuambia wazi kwamba mashine ikiondoka, na yeye anafunga geti. Arobaini! Kama ya msiba vile.

Sasa niwaeleze mashine yenyewe, maana kesi yote imelala humo. Ile ya zamani ya kanga ina nyuzi za urefu, tunaziita mtande, halafu kuna uzi wa kukingama unaopita katikati yake, huku na huku, siku nzima. Hii mpya haina uzi wa kukingama. Ina mtande peke yake. Kila uzi una sindano yake, sindano maelfu kwa maelfu zimepangwa safu moja, zinapanda pamoja, zinashuka pamoja, na kila uzi unajifunga kwa jirani yake. Ndiyo maana chandarua ukikitoboa hakifumuki chote. Na juu yake ina jicho la kamera linalotembea kulia na kushoto. Likiona uzi mmoja umekaa vibaya, mashine inasimama yenyewe, taa nyekundu inawaka. Mimi nililiogopa lile jicho kuliko mama mkwe wangu.

Ikawashwa siku ya kwanza. Ikanguruma, ikafuma shibiri moja, ikasimama. Taa nyekundu, paa!

Siku ya pili ikanguruma, ikafuma shibiri moja, ikasimama. Taa nyekundu, paa!

Siku ya tano, siku ya kumi, ni hivyo hivyo. Shibiri moja, taa nyekundu, paa!

Aliyekuwa akiihangaikia ni Fundi Anyitike Mwakalobo, mtu wa Tukuyu, mrefu, mkimya, mwenye mikono isiyotetemeka. Alifungua vifuniko, akafunga. Akabadilisha mikanda. Akawapigia simu waliotengeneza mashine, wakamwambia kaza hapa, legeza pale, naye akakaza na kulegeza. Siku ya ishirini Bwana Mushumbusi uvumilivu ukamwisha.

"Fundi, hilo jicho ndilo bovu. Lizibe."

"Siwezi, Bwana Meneja."

"Nakuamuru. Weka hata plasta. Mashine itembee, tupate chandarua."

"Jicho likisema kuna shida, kuna shida. Nikiliziba, mashine itatembea dakika tano, sindano zote zitavunjika. Hapo hatutakuwa na chandarua wala mashine."

"Basi nitamtafuta fundi mwingine atakayeliziba, na wewe utaenda kwenu Tukuyu ukalime viazi."

Anyitike akavua ufunguo wa mashine shingoni, akautia mfukoni, akakaa chini mbele ya swichi. Akasema, "Viazi navijua. Lakini hapa siondoki." Na hakuondoka. Meneja alifoka, akachoka, akarudi ofisini. Hebu muwekeni pembeni huyo, ni wa kwanza.

Siku ya thelathini na moja. Watu wameanza kubeba vikombe vyao nyumbani. Mafundi wanabishana kuzunguka mashine, Anyitike katikati yao. Akapita Zawena na ufagio wake. Zawena ndiye alikuwa mfagiaji wa ukumbi ule, mwanamke wa miaka thelathini hivi, haongei ila ukimwongelesha. Akainama chini ya mashine, akagusa vumbi kwa kidole, akalilamba.

Mafundi wakacheka. Mmoja akasema, "Zawena, njaa imefika huko?"

Yeye akasema, "Hili si vumbi. Huu ni uji."

"Uji gani?"

"Uji uliokauka. Wanga. Unadondoka kutoka kwenye nyuzi mashine ikitembea. Lambeni nanyi."

Anyitike hakucheka. Alilamba. Kisha akapitisha vidole juu ya mtande, akavitazama vidole vyake, akaenda kukaa kwenye sanduku. Nyuzi zilikuwa zimetiwa wanga! Zinanata. Zinagandia kwenye matundu ya sindano, sindano inakosa uzi, jicho linaona, mashine inasimama. Mwezi mzima jicho lilikuwa linasema kweli.

Huyo ni wa pili.

Sasa nani alitia wanga? Hakuna aliyehitaji kuuliza. Kiwanda kizima kilikuwa na sufuria moja ya wanga, kubwa, mtu anaweza kuoga ndani yake, na mwenyewe alikuwa Bi Sikudhani Mloka. Miaka thelathini na moja aliupitisha mtande humo, ukakauka juu ya mapipa ya moto, ukaviringishwa. Mtande wa kanga usipotiwa wanga hukatika ovyo. Kwake yeye, mtande ni kitu cha kutiwa wanga, kama mchele ni kitu cha kuoshwa.

Na tangazo la meneja lilisemaje? Nalikumbuka, lilibandikwa mlangoni: "Kitengo cha maandalizi, andaeni mtande wa mashine mpya ya kufuma." Kufuma! Jamani, kwetu kanga inafumwa, sweta linafumwa, kikapu kinafumwa, chandarua kinafumwa. Neno ni hilo hilo moja. Bi Sikudhani akasoma "mtande", akasoma "kufuma", akauandaa kama alivyouandaa siku zote. Tena kwa upendo, akaongeza wanga kidogo ili mashine ya watu isije ikakatakata nyuzi.

Walipomwita, wengine walimkonyeza anyamaze. Nilimsikia mmoja akimnong'oneza, "Sema nyuzi zilikuja hivyo kutoka kwao." Bi Sikudhani akasimama mbele ya meneja, kanga imefungwa kiunoni, akasema:

"Ni mimi. Nimetia mimi, kwa mkono wangu. Hakuna mwingine."

Bwana Mushumbusi akasema taratibu kwamba nyuzi nyingine ziko mbali, zitachukua miezi miwili kufika, na sisi tumebakiwa na siku tisa. Basi imekwisha, akasema. Nililia pale pale, sioni haya kuwaambia. Niliwaza karo ya mwanangu, nikawaza geti lile likifungwa na mnyororo.

Bi Sikudhani hakulia. Alikuwa anaongea peke yake, kama mtu anayetafuta alipoweka ufunguo. Kisha akasema kwa sauti:

"Uji wako wa togwa ukiwa mzito unaufanyaje?"

Meneja akadhani bibi amechanganyikiwa. "Togwa imeingiaje hapa, mama?"

"Nakuuliza tu, mwanangu. Unautia kimea. Ukitia kimea cha ulezi kwenye uji wa moto kiasi, unalegea mpaka unakuwa maji, unakunywa bila kijiko. Sasa wanga wangu si uji? Nitajaza sufuria yangu maji ya vuguvugu na kimea, niurudishe mtande humo humo ulimopita. Uji utalegea, utatoka. Halafu maji safi, halafu mapipa, unakauka."

Tulitawanyika mjini kama siafu. Kila mwenye ndugu anayetengeneza togwa alimwamsha akiwa kwenye usingizi wa mchana. Tulileta kimea kwa vikapu, kwa mifuko ya shule, mzee mmoja alikileta kwenye kofia. Bi Sikudhani akalipima joto la maji kwa kiwiko, kama anayeogesha mtoto. Kiwanda kizima kilinuka sherehe. Siku tano mtande ulipita kwenye sufuria, uzi kwa uzi, naye hakukaa kitini. Siku hizo hizo Anyitike alizing'oa sindano zote, akaziosha moja moja, akazirudisha moja moja. Zawena akatandika mashuka meupe sakafuni, akawa anayakagua kila saa kama kuna unga unaodondoka.

Siku ya thelathini na nane, saa nne asubuhi, mashine ikawashwa.

Ikanguruma. Ikafuma shibiri moja. Sote tukafumba macho.

Ikaendelea.

Ikafuma dhiraa moja, ikafuma tatu, ikafuma kumi. Jicho linatembea kulia, linatembea kushoto, limenyamaza. Kitu cheupe, chepesi, kinateremka kama maziwa. Jamani, raha ile! Bwana Mushumbusi alimkumbatia mlinzi wa geti. Watu wazima walirukaruka. Wanawake wakapiga vigelegele mpaka wenye maduka wa ng'ambo ya barabara wakaja kuuliza anaoa nani. Jioni wenye mashine walikagua kile chandarua kwa taa, tundu kwa tundu, wakatia saini. Geti halikufungwa. Watu mia moja na kumi na wawili tukaenda nyumbani tukiwa na kazi.

Ndiyo, mnadhani hadithi imekwisha. Imeanza.

Kiwandani kwetu kuna desturi. Kitu cha kwanza kinachotoka kwenye mashine mpya hakiuzwi. Anapewa mtu mmoja, yule aliyeifanya itembee. Huyo ndiye anayeipa mashine jina, linaandikwa ubavuni kwa rangi, naye anakuwa mwenyewe. Hakuna anayeiwasha asubuhi kabla yake, na hahamishwi kitengo mpaka astaafu. Kanga ya kwanza ikiwaniwa na watu wawili, ina vipande viwili, unakata mambo yanakwisha. Lakini chandarua ukikikata, umewaalika mbu wote wa Morogoro. Hakigawiki.

Asubuhi ya pili Bwana Mushumbusi akasimama nacho mikononi. Zawena akajitokeza wa kwanza, tukashangaa sote.

"Bila mimi msingejua. Mafundi kumi mliizunguka mashine mwezi mzima, hakuna aliyetazama chini. Nimefagia miaka tisa. Nami nataka asubuhi moja niwashe kitu."

Fundi mmoja akauliza, "Ule unga uliuona lini kwa mara ya kwanza?"

Zawena akainamisha kichwa. "Siku ya tatu."

"Ukanyamaza siku ishirini na nane?"

"Siku ya nne nilitaka kusema, nikaambiwa fagia, usizibe njia. Nikafagia."

Anyitike akasema, "Bila mimi msingekuwa na mashine ya kuitengeneza. Nilitishwa kazi, nikakaa mbele ya swichi. Jicho lingezibwa, leo tungekuwa na chuma chakavu. Na sindano zile niliziosha mimi."

Zawena akamgeukia. "Fundi, ni nani aliyeniambia nisizibe njia?"

Anyitike, mtu wa kweli, akajibu: "Ni mimi. Na nyuzi sikuzigusa. Nilisema hiyo ni kazi ya akina mama wa maandalizi."

Bi Sikudhani alikuwa amekaa pembeni. Akaulizwa, hakutaka. Akaulizwa tena, akasema bila kusimama:

"Mimi nilifunga, mimi nikafungua. Msipime hapo. Pimeni hili: mashine hii haitaki wanga. Sufuria yangu inauzwa kama chuma wiki ijayo, na kwa kuiponya mashine niliisaidia kuuzwa kwa mikono yangu, nikijua. Ningenyamaza, mngelaumu waliotuletea nyuzi, nami ningetoka na heshima yangu. Nilisema. Kama hiyo haina malipo, basi."

Mtu akapaza sauti kutoka nyuma, "Lakini bila wewe, mama, tungefuma siku ya kwanza!" Mwingine akamjibu, "Na bila kimea chake ungekuwa wapi sasa hivi?" Wa tatu akasema chandarua apewe meneja, mwenye tangazo lake la kufuma, ajifunike nacho. Tukacheka, hata meneja akacheka. Lakini hakukitoa.

Na mpaka leo hajakitoa. Vyandarua vimetoka maelfu, masika mawili yamepita, Bi Sikudhani anakunja pamoja nami na mikono yake haijazoea kitu kikavu. Ubavuni mwa mashine mchoraji aliandika "Mali ya", akaambiwa asubiri. Bwana Mushumbusi anastaafu Ijumaa, na amesema haondoki na chandarua cha mtu kwenye droo yake. Jana aliniita: "Mama, wewe si wa upande wowote. Nenda kaulize watu."

Basi nimekuja. Kuna aliyeona akachelewa kusema. Kuna aliyeilinda mashine akamnyamazisha aliyeona. Kuna aliyekosea, akakiri, akaponya, akapoteza kazi yake kwa kuponya. Msiniambie wote watatu. Chandarua ni kimoja, na swichi ni moja.

Je, nani alistahili? Haya, wewe uliyekaa karibu na mlango, usitazame chini. Anza wewe.