Punje Isiyo na Mwenzake

Paukwa!

Pakawa!

Pakawa nini?

Pakawa kinu, pakawa mchi, pakawa na Bibi Siwema akiuliza.

Hapo zamani za kale, katika kijiji kimoja, palikuwa na bibi kizee aliyeitwa Siwema. Mali hakuwa nayo. Watoto hakujaliwa. Alikuwa na mafumbo ya hesabu, na hayo aliyagawa kama wengine wagawavyo ugoro. Kila asubuhi, wanawake wakitwanga, twa! twa! twa!, Bibi Siwema huwatupia fumbo. Mwenye jibu hulitoa. Naye bibi husema, siku zote neno lile lile:

"Jibu nimelisikia, mwanangu. Sababu i wapi?"

Basi hapo michi husimama. Watu hubishana, hucheka, huanza upya. Hata wanaume walikuja wakisingizia kuomba moto.

Aliyeyapenda mafumbo hayo kupita wote alikuwa Zuhura. Lakini mwaka ule moyo wake ulikuwa mzito. Mama yao alikufa wakati wa masika. Dada yake mkubwa, Hadia, alikuwa ukweni ng'ambo ya mto, mto umefurika, hakuwahi hata maziko. Aliporudi, Zuhura alimwambia mbele za watu, "Mama alikuita mpaka sauti ikamkauka. Mimi sina dada." Tangu hapo hawakusemeshana.

Sasa Hadia na mumewe walikuwa wanahamia nchi ya mbali. Asubuhi ya safari, wanawake wakakusanyika kumtwangia unga wa njiani, kama ilivyokuwa ada.

Bibi Siwema akaweka ungo katikati. "Leo mchi ni mmoja, utapita kwa wote. Na desturi mnaijua: anayetoa mchi na anayepokea hushikana mikono kwanza. Kila ukishikana mkono na mtu, tia punje moja ya mahindi humu. Nami nasema mapema: tukizipanga mbili mbili, hakuna itakayobaki peke yake. Kwa nini?"

Mwanamvua, ambaye mdomo wake haukujua kusubiri, akadakia, "Si kwa kuwa kila mtu ana mikono miwili!"

"Na Mzee Makame, aliyeliwa mkono na mamba?"

"Yeye atie nusu punje!"

Wakacheka mpaka kinu kikayumba.

Zuhura akafikiri. Akasema polepole, "Huwezi kushikana mkono peke yako, Bibi. Wewe unatia punje, mwenzako anatia punje. Mbili zinaingia pamoja. Wengine wakishikana, mbili nyingine. Mbili juu ya mbili, hata tutwange mpaka jua lizame, hiyo moja itatoka wapi?"

Bibi Siwema akapiga kigelegele. "Sababu hiyo! Hata mamba hawezi kuitafuna!"

Twa! twa! twa! Mchi ukapita. Mkono kwa mkono, punje kwa punje. Ukafika kwa Hadia. Hadia akatwanga, akageuka. Anayepokea alikuwa Zuhura.

Hadia akanyoosha mkono.

Zuhura akaugusa kwa ncha za vidole, kama mtu apimaye chungu cha moto. Akanyakua mchi, akatazama kando. Twa! Twa! Twa! Kwa mkono huo hakutia punje. Huku si kushikana, alijiambia.

Unga ulipokuwa wa kutosha, Bibi Siwema akainamia ungo. "Hii na mwenzake. Hii na mwenzake. Hii na mwenzake…"

Ikabaki moja.

"Ala!" Mwanamvua akaruka. "Bibi, leo umeanguka!"

"Sababu mmeisikia wenyewe," akasema bibi. "Ina tundu wapi? Nionyesheni."

Wakaitafuta. Wakaigeuza huku na huku. Tundu hawakuliona.

"Basi yuko aliyeshikwa mkono asihesabu. Mimi simtafuti. Mwenyewe anajijua."

Nje mumewe Hadia akaita, "Mama watoto! Jua linapanda!"

Zuhura akaikodolea macho ile punje. Sababu ile aliitoa yeye, kwa kinywa chake. Mbili huingia pamoja. Yeye hakutia. Basi hii moja katia nani?

Akainua macho. Hadia alikuwa akiitazama ile punje. Vidole vile, vilivyopita kama upepo, Hadia aliviita mkono.

"Ni mimi," Zuhura akasema. Akaenda, akaushika mkono wa dada yake kwa viganja vyote viwili. "Dada. Mto ulifurika. Nilijua, nami nikasema yale."

"Nilitaka kuogelea, Zuhura. Walinishika kwa nguvu."

Wakalia. Mwanamvua naye akalia, lakini hakuweza kunyamaza: "Haya, na sasa tutie punje ngapi?"

Zuhura akacheka ndani ya machozi. "Tatu. Moja ninayodaiwa, na mbili za sasa."

Bibi Siwema akamsogezea ungo.

Wasikilizaji wangu, fumbo likifumbuliwa na wengi huwa furaha ya wengi. Lakini sababu ya kweli haina upendeleo: ukiitoa mwenyewe, itaanza kukuuliza wewe. Ukiulizwa, usigeuze uso.

Hadithi yangu nimeitua hapa. Aliye na yake, naye ailete.