Chai ya Ulongo ya Bi Pimbi

Hapo zamani za kale, wanangu, zamani hasa, hata kitambi changu hakijazaliwa, Bi Pimbi aliishi kwenye nyumba ya mawe kilimani. Alikuwa mdogo kama paka, na mkia hana.

Majirani zake wawili, Bwana Kiboko na Bwana Nyati, walikuwa na adabu za ajabu. Wakisikia birika linalia, wanaingia, wanamaliza kilichomo, wanalalamika sukari kidogo, wanaondoka. Majirani wazuri mno. Mungu awazidishie, lakini huko mbali.

Siku hiyo washenga walikuwa njiani kuja kumposa Tunu, binti wa Bi Pimbi. Na ndani kulibaki viganja viwili tu vya chai ya ulongo, kimoja cha kijani na kimoja cha nyeusi, zawadi ya shangazi kutoka Uchina. Washenga wakikosa hata kikombe cha chai, posa imekufa.

Kiiii! Birika likalia.

"Hodiii!" Puu! Mlango ukalala chini.

"Karibuni, mabwana wakubwa. Naona hata mlango umewasujudia."

"Chai gani leo?" akauliza Kiboko, akikalia viti viwili.

"Ya ulongo."

"Ya uongo?"

"Ulongo, bwana. Ndilo jina lake."

"Tia yote kwenye sufuria!" akaamuru Nyati. "Na maziwa, na tangawizi, itokote mpaka ikome!"

Bi Pimbi akashika kichwa. "Ala! Chai ya wakubwa ichemshwe kama maharage? Hii ina itifaki. Tazameni hii ya kijani, imeviringwa kama punje za pilipili manga. Ukiimwagia maji yanayotokota inaungua, inakuwa chungu. Birika litulie kwanza, mapovu yaishe. Hii nyeusi iliyobanikwa ina kichwa kigumu, yenyewe inataka maji ya moto hasa, na buli lipashwe kwanza."

"Sasa tunakunywa lini?"

"Majani ni yaleyale, mabwana, maji ndiyo yanabadilishwa. Kuna ya kwanza, ya pili, ya tatu, na kuendelea. Ya kwanza yanaingia na kutoka, fyu! Nyinyi mnataka yapi?"

"Ya kwanza!" wakanguruma. "Tuwe wa pili kwa nani?"

"Nilijua tu. Na yatakayobaki ni makombo, sijui niwafungie..."

"Makombo?" Nyati akakunja pua. "Mimi? Kula mwenyewe!"

Kiboko akapewa ya kijani. Shwaa! Fyu! Akayazungusha mdomoni, macho kayafumba. "Mmm. Laini. Asiyesafiri hawezi kuielewa." Maji ya vuguvugu yenye vumbi, hayo! Nawajua wasafiri wa namna hii, wanangu. Mmoja wao hunyoa ndevu kwenye kioo changu kila asubuhi.

Nyati akapewa ya nyeusi, ikifuka moshi. "Ussss! Uthimi wangu!" akalia, ulimi umeungua.

"Ndio utamu wake, bwana."

"Tamu thana!"

Wakaondoka wakicheua kwa heshima zote.

Washenga wakafika. Bi Pimbi akamimina maji ya pili, akayaacha yakae kidogo. Vile vipunje vikajinyoosha, vikawa majani mazima, nyumba ikanukia maua. Maji ya tatu akayaacha zaidi. Ile nyeusi ikanukia korosho za kukaanga. Mshenga mkuu akasahau hotuba yake, akauliza tu, "Harusi lini?"

Harufu ikawavuta majirani. Pua mbili kubwa zikajaa dirishani.

"Mnakunywa nini humo?"

"Makombo yenu, mabwana."

"Hahahaaa! Nyati, waone maskini, wanaalikana kwenye makombo!" Wakashuka kilima wakishikana mbavu, Nyati ulimi nje.

"Bibie," mshenga akanong'ona, "maji ya kwanza si huwa ya kuoshea majani?"

"Shhh! Jina la chai niliwatajia tangu mwanzo."

Mimi buli langu limekauka, wanangu, limebaki tone hili: ukikimbilia kuwa wa kwanza, uliza kwanza kama si maji ya kuoshea.