Bi Ngiri na Kichupa cha Nguchiro

Paukwa!

Pakawa.

Mmeitikia kama wagonjwa. Tena: paukwa!

Pakawa!

Hapo sawa. Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa wakiposana na kuozana kama sisi, kiangazi kilikausha mto, kikakausha bwawa, kikakausha hata mate ya chura. Kikabaki kisima kimoja cha maji ya chumvichumvi, na kila nyumba ikapewa zamu: mtungi mmoja kwa juma, basi.

Bi Ngiri alikuwa akimwoza binti yake Ijumaa. Zamu yake ilikuwa Alhamisi, na mtungi huo ndio wa kupikia na wa kunywesha wakwe. Ukikosekana, wakwe wangekuta chungu kikavu na posa ingerudi ilikotoka. Lakini uso wake nao ulikuwa umepasuka kama tope la bwawani, na desturi yao ilikuwa kumtazama kwanza mama wa bibi harusi, ili wajue binti atazeeka vipi.

Hapo ndipo alipopita Nguchiro na kapu la vichupa vya dawa ya kulainisha uso. "Tone asubuhi, tone jioni, uso hurudi ujanani." Bei yake ilikuwa zamu moja ya kisima. Bi Kanga alishanunua, akasema uso wake ni laini kama ini. Bi Nyumbu alishanunua, akasema wake pia ni laini kama ini. Bi Ngiri akawatazama, akawatazama tena, akawatazama mara ya tatu. Bi Kanga alikuwa na upara ule ule, na Bi Nyumbu uso mrefu ule ule. Akashuku. Aliyetoa mtungi mzima kiangazi hiki atakubali vipi kuwa amenunua upuuzi?

"Hata asali huonjwa," alimwambia Nguchiro. "Niachie kichupa siku tatu. Alhamisi tukutane kisimani, nikulipe thamani yake."

"Onja, mama yangu. Utanitafuta mwenyewe."

Siku ya kwanza Bi Ngiri akapaka dawa shavu la kushoto, na la kulia akapaka maji yaliyobaki chini ya kata. Asubuhi yote mawili yaling'aa. Adhuhuri yote mawili yalikauka, ila la kushoto lilikaza kama ngozi ya ngoma. Siku ya pili, vivyo hivyo. Siku ya tatu alitaka kumchekea jirani, kushoto kukagoma, akaonekana anamcheka nusu. Na nzi wote walikuwa wamehamia upande huo.

Sasa, ngiri ana ulimi, jamani. Bi Ngiri akautoa, akaupeleka polepole hadi shavuni, akalamba. Akalamba tena. Akalamba mara ya tatu. Ilikuwa chumvi ile ile ya kisima chao, na utelezi wa mlenda, mboga aliyoipika tangu binti yake hajazaliwa. Kumbe yule bwana alikuwa akichukua mtungi wa jirani, anatia mlenda, kisha anamrudishia maji yake kwa matone.

Alhamisi Nguchiro alimkuta kisimani, majirani wamejaa, akamwomba aseme alivyoiona dawa.

"Inalowesha," Bi Ngiri akasema. "Sitasema uongo."

Nguchiro akatuna kifua.

"Inalowesha kama maji, kwa kuwa ni maji. Ni maji yetu haya, na mlenda usioona nyanya."

Akawaambia wenzake walambe. Bi Nyumbu akalamba pua yake, akainamisha kichwa. Bi Kanga, ambaye ulimi wake haufiki popote, akaamini kichwa cha mwenzake.

Nguchiro akasema mapatano ni mapatano, amletee mtungi wake.

"Tulipatana thamani, mwanangu." Bi Ngiri akachovya ncha ya ukwato kisimani, akaiinua juu ya mtungi wa Nguchiro. Tone likaanguka. Akachovya tena, tone. Akachovya tena, tone, mpaka yakawa sita. "Sita nimepaka, sita chukua."

Kisha akajitwisha mtungi wake, ukiwa umejaa hadi shingoni, akaenda kupika.

Ijumaa wakwe wakaja, mama mkwe mbele, nyuso zimepasuka kuliko yake, maana kiangazi hakikuchagua ukoo. Bi Ngiri akasimama mlangoni akingoja kukaguliwa. Hakuna aliyemtazama usoni. Wote walikuwa wakiutazama mtungi.

Hapo ndipo hadithi yangu ilipotua mzigo wake. Ikiwa tamu, bebeni. Ikiwa chungu, niachieni mwenyewe.